Maisha ya Mchungaji Langstroth, Mlezi wa Nyuki



Siku moja baada ya Misa akina mama wachache wa mtaa wetu walinisubiri chini ya mwembe, nje ya kanisa. Walikuwa wameweka akiba kidogo kidogo ili waanze kufuga nyuki, na sasa walitaka kujua wanunue mizinga ya namna gani: ya magogo kama ya wazee wetu, ya viunzi vya juu, au ile ya masanduku ambayo wataalamu huiita mizinga ya Langstroth. Watu hudhani kwamba mtu aliyefundisha shule miaka mingi anajua kila kitu. Mimi sikujua. Niliwaomba siku chache nikasome.

Katika kusoma kwangu niligundua kwamba Langstroth si jina la kampuni wala la mji, kama nilivyodhani siku zote. Ni jina la mtu, naye alikuwa mchungaji wa kanisa na mwalimu wa shule, aliyeteswa na maradhi karibu maisha yake yote. Kwa hiyo kabla sijawajibu akina mama wale, naomba ruhusa ya mhariri niwasimulieni habari za mtu huyu. Jibu la swali lao limo ndani yake.

Nyuki wa kwetu

Kwanza tukumbuke kwamba sisi watu wa Kilwa na Lindi si wageni wa asali. Tangu zamani za majahazi, nta ilishuka pwani kutoka bara pamoja na pembe za ndovu na sandarusi, ikapakiwa kwenda Unguja na nchi za ng'ambo. Kanisa nalo limeitumia nta hiyo kwa mishumaa ya altare. Maandiko yanatueleza habari za Samsoni aliyekuta asali ndani ya mzoga wa simba, na Yohana Mbatizaji aliyekula asali ya mwitu jangwani.

Babu yangu mzaa mama alikuwa na mizinga katika msitu nyuma ya kijiji. Alichagua gogo, akalitoboa kwa tezo, akaziba ncha zake mbili, akaacha tundu dogo la nyuki kupitia, kisha akalipandisha mtini kwa kamba za magome. Ulikuwa mzinga mzuri. Gogo nene huzuia joto la mchana, na nyuki hujenga humo wapendavyo wenyewe, kama wanavyojenga katika pango la mti.

Shida ilikuwa siku ya kurina. Babu alipanda usiku na mwenge wa moto, akaingiza mkono, akakata kila alichokipata: masega ya asali pamoja na masega ya majana, yaani watoto wa nyuki. Nyuki wengi waliungua. Waliobaki hawakuwa na chakula wala watoto, wakahama au wakafa. Na wale waliotafuta nyuki wa mwituni walifanya vibaya zaidi, kwa maana waliukata mti mzima, wakaacha moto nyuma yao ukala msitu. Babu hakuwa mtu mkatili. Hakuna aliyemwonyesha njia ya kutwaa asali bila kumharibu mwenye asali.

Shida hiyo haikuwa ya kwetu peke yetu. Huko Ulaya, kwa mamia ya miaka, watu walifuga nyuki katika vikapu vya majani makavu yaliyosokotwa, na ilipofika siku ya kuvuna waliwaua kwa moshi wa kiberiti ndipo wapate asali yao. Wengi waliona vibaya wakatafuta njia nyingine. Padre mmoja wa kanisa letu la Anglikana nchini Uingereza, Charles Butler, aliandika kitabu cha nyuki mwaka 1609, akaeleza kwamba kiongozi wa mzinga si mfalme bali ni malkia, wakati watu wengi walishikilia kuwa ni dume. Lakini mlango wa nyumba ya nyuki haukufunguka hasa mpaka zama za huyu Langstroth.

Utoto wake

Lorenzo Lorraine Langstroth alizaliwa siku ya Noeli, tarehe 25 Desemba, 1810, katika mji wa Philadelphia, Marekani. Tangu utotoni alipenda kutazama wadudu. Alipiga magoti juu ya mawe ya njia akiwatazama siafu na sisimizi wanavyobeba chakula, hata suruali zake zikatoboka magotini. Wazazi wake walikuwa watu wema wacha Mungu, lakini hawakuona faida ya mchezo huo, naye aliadhibiwa kwa ajili ya suruali. Shuleni alitengeneza vikasha vya karatasi, akawatia nzi ndani. Mwalimu wake alivivunja vikasha vile, akamfungia mtoto katika chumba cha giza, akalia humo mpaka usingizi ukamchukua.

Niliposoma habari hiyo niliweka kitabu chini. Nilipokuwa kijana, nimetoka tu chuo cha ualimu, nilimchapa mtoto mmoja kwa sababu alileta mdudu darasani ndani ya kisanduku cha kiberiti. Nilidhani namfundisha adabu. Hakuleta mdudu tena, na baada ya siku ile hakuuliza swali tena darasani. Walimu vijana mnaosoma gazeti hili, mjihadhari na kosa langu.

Lorenzo alikua, akaingia Chuo Kikuu cha Yale, akamaliza mwaka 1831. Akasomea kazi ya uchungaji, na kwa muda akafundisha hesabu pale pale Yale. Mwaka 1836 akawekwa kuwa mchungaji wa kanisa la Wakongregesheni katika mji wa Andover, jimbo la Massachusetts. Wakongregesheni ni ndugu zetu katika Injili, ingawa hawana maaskofu. Mwaka ule ule akamwoa binti mmoja mwalimu, jina lake Anna Tucker. Mungu aliwapa mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike.

Ugonjwa wake

Hapa lazima niseme wazi jambo ambalo wengi wetu hulificha. Tangu ujana wake Langstroth alikuwa na ugonjwa wa akili wa namna ya majonzi mazito. Yeye aliuita shida ya kichwa. Ulikuja bila kubisha hodi, ukakaa majuma, pengine miezi mingi, kisha ukaondoka. Ulipokuwa juu yake hakuweza kuhubiri, wala kufundisha, wala kuzungumza na wageni. Alijifungia chumbani. Wakati mwingine alicheza sataranji peke yake, mkono huu dhidi ya mkono ule, ili mawazo yake yasimle. Nyuki, aliowapenda kuliko kazi zote za mikono yake, wakati huo hakutaka hata kuwakumbuka. Jina la nyuki kwa Kiingereza huanza na herufi B, na aligeuza macho akiiona herufi hiyo kubwa katika kitabu.

Kisha giza lilipopita alikuwa mtu mwingine kabisa, mchangamfu, mwenye maneno matamu, mwenye kufanya kazi usiku na mchana. Rafiki zake walipenda sana kumsikiliza.

Kwa sababu ya maradhi hayo alilazimika kuacha kazi mara kwa mara. Usharika wa Andover aliuacha mwaka 1838. Akawa mkuu wa shule ya wasichana, kisha akafundisha shule nyingine ya wasichana katika mji wa Greenfield, kisha akawa mchungaji tena hapo Greenfield tangu mwaka 1844 mpaka 1848, akashindwa tena. Akarudi Philadelphia, akafungua shule ya mabinti. Mtu asiyejua angesema ni mtu asiyetulia. Kumbe alikuwa mgonjwa anayejaribu kulisha watoto wake.

Bakuli la asali

Mwaka 1838, alipokuwa bado Andover, alimtembelea rafiki yake mmoja. Mezani palikuwa na chombo cha kioo cha mviringo, kimejaa masega meupe ya asali ambayo nyuki wenyewe waliyajenga humo. Langstroth aliuliza imewezekanaje. Mwenyeji wake akampeleka juu darini, akamwonyesha mizinga yake. Yule mtoto aliyepiga magoti njiani akaamka tena ndani ya mtu mzima. Jioni ile alirudi nyumbani na makundi mawili ya nyuki katika masanduku ya mbao.

Tangu siku hiyo nyuki wakawa faraja yake. Alisoma vitabu vya waliomtangulia, hasa vya François Huber wa Geneva, aliyeishi tangu mwaka 1750 mpaka 1831. Huber alipofuka angali kijana. Mtumishi wake, François Burnens, akawa macho yake: Huber aliuliza maswali, Burnens akatazama na kueleza, na hivyo wawili hao wakagundua mambo mengi ya maisha ya nyuki ambayo watu wenye macho hawakuyaona. Huber alitengeneza mzinga unaofunguka kurasa kwa kurasa kama kitabu. Langstroth aliujaribu, akaona unafaa kwa mtu wa utafiti, ila ni mgumu kwa mkulima, maana ukiufunga ni rahisi kuwasaga nyuki.

Alijaribu pia mzinga wa viunzi, yaani sanduku lenye vijiti bapa vilivyopangwa juu, nyuki wakaning'iniza masega yao chini yake. Lakini nyuki waligandisha masega kwenye kuta za sanduku, ikabidi kuyakata kwa kisu kila mara. Tena walikibandika kifuniko juu ya viunzi kwa gundi yao, na kila alipokibandua kilitikisika na nyuki wakakasirika.

Nafasi ya nyuki

Mwaka 1851 alianza kuacha upenyo mdogo kati ya kifuniko na viunzi, kama sehemu tatu katika nane za inchi, yaani milimita 9 na nusu hivi. Akaona ajabu: nyuki hawakuuziba upenyo ule, wala hawakujenga sega humo. Waliuacha wazi, wakautumia kama ujia wa kupita. Kifuniko kikainuka bila shida.

Akaendelea na kazi yake ya shule huku akifikiri. Tarehe 30 Oktoba, 1851, jioni, alipokuwa akirudi nyumbani kwa miguu kutoka mahali alipoweka mizinga yake, wazo likamjia. Ikiwa nyuki huheshimu upenyo ule chini ya kifuniko, basi watauheshimu pia ukiachwa pembeni na chini. Haifai tena kuning'iniza kijiti kitupu. Kijiti kizungushiwe fremu ya pande nne, na fremu ile isiguse ukuta mahali popote, bali izungukwe na upenyo ule ule. Nyuki watajenga sega ndani ya fremu, na mtu ataweza kuitoa, kuitazama na kuirudisha kama mtu atoavyo kitabu kabatini. Alikuwa njiani, mbele ya watu, na furaha yake ilikuwa kubwa hata nusura apige kelele.

Niwaeleze wasomaji jinsi jambo hili lilivyo. Upenyo ukiwa mwembamba kuliko milimita 6 hivi, nyuki huuziba kwa gundi. Ukiwa mpana kuliko milimita 9 au 10, huona ni mahali pa bure, wakajenga sega. Ukiwa katikati ya vipimo hivyo, huuacha wazi wapate kupita. Hiyo ndiyo inayoitwa nafasi ya nyuki. Langstroth hakuwabadilisha nyuki. Aliwatazama mpaka akajua wanataka nini, akawapa.

Hakuwa mtu wa pekee aliyetafuta. Katika nchi ya Ukraine, Petro Prokopovych alitengeneza mzinga wenye fremu mwaka 1814. Huko Silesia, padre wa Kikatoliki Jan Dzierzon alifanya kazi kubwa na mizinga ya viunzi. Lakini fremu ya Langstroth, inayotoka kwa juu na iliyozungukwa na nafasi ya nyuki pande zote, ndiyo iliyoenea duniani.

Seremala mmoja wa Philadelphia aliyeitwa Henry Bourquin, naye mfugaji nyuki, alimtengenezea mizinga ya kwanza. Tarehe 5 Oktoba, 1852, serikali ya Marekani ilimpa hati ya uvumbuzi, namba 9300. Ilionekana kwamba sasa taabu za nyumba ile zimekwisha.

Kitabu, na hasara

Hazikwisha. Mwaka huo huo ugonjwa ulimrudia kwa nguvu. Alifunga shule, akawaacha nyuki wake, akarudi Greenfield kupumzika, huku mkewe Anna akibaki Philadelphia akifundisha ili wapate riziki. Alipopata nafuu aliandika kitabu juu ya mzinga na nyuki wa asali. Anna ndiye aliyekinakili kwa mwandiko safi kwa ajili ya wapiga chapa. Kitabu kilitoka mwaka 1853. Kimesahihishwa na kuongezwa na watu wengine mara nyingi, lakini chini ya jina lile lile kinasomwa mpaka leo. Ni vema tusimsahau mama huyu. Kila mfugaji aliyefaidika na kitabu kile alisoma kazi ya mikono yake.

Mwaka 1858 familia ilihamia mji wa Oxford, jimbo la Ohio. Hapo Langstroth alipanda miti ya maua na matunda kwa ajili ya nyuki, na pamoja na mwanawe James akakuza malkia wa jamii ya nyuki wa Italia, akawatuma sehemu nyingi za Marekani. Nyumba yao ipo hadi leo, katika Chuo Kikuu cha Miami hapo Oxford.

Lakini mzinga wake ulikuwa rahisi kuiga. Seremala yeyote aliyeuona mara moja aliweza kuutengeneza, na wengi waliutengeneza na kuuza bila kumlipa chochote. Wengine walibadilisha kidogo wakadai ni wao waliouvumbua. Alikwenda mahakamani, akatumia fedha aliyokuwa nayo na asiyokuwa nayo, na mara nyingi ugonjwa ulimshika katikati ya kesi. Mwishowe hati ile haikumpa utajiri. Wakati watu wengine wakitajirika kwa mzinga wake, yeye alibaki mzee maskini.

Mwaka 1870 mwanawe James, aliyekuwa mkono wake wa kulia, alifariki. Mwaka 1873 Anna naye alifariki. Miaka iliyofuata ilikuwa ya giza kuliko yote, akauza nyuki wake waliobaki. Lakini kila giza lilipopungua aliandika tena katika magazeti ya wafugaji nyuki, akawafundisha bure watu wa nchi ambayo wengi wao walikuwa wamemdhulumu.

Mwisho wake

Mwaka 1887 alihamia mji wa Dayton pamoja na familia ya binti yake. Jumapili ya tarehe 6 Oktoba, 1895, aliombwa ahubiri katika kanisa moja la Wapresbiteri mjini humo. Alikuwa na umri wa miaka 84, amedhoofika, kwa hiyo walimwekea kiti mbele ya watu. Aliwaambia kwamba anataka kusema juu ya upendo wa Mungu. Akasema maneno machache, kisha akanyamaza. Alikuwa amefariki pale pale kitini. Alizikwa katika makaburi ya Woodland, Dayton.

Nimelitafakari jambo hili mara nyingi. Huyu alikuwa mtu ambaye kwa miaka mingi alikaa gizani bila kuona dalili yoyote ya upendo wa Mungu, wala wa mtu. Angeweza kuchagua somo lingine. Lakini hilo ndilo lililokuwa la mwisho mdomoni mwake.

Jibu kwa akina mama

Sasa nirudi kwa akina mama wa chini ya mwembe.

Mzinga wa masanduku ni mzuri, lakini unataka vipimo kamili. Nimeona kwa macho yangu mizinga iliyotengenezwa na fundi aliyekisia kwa jicho. Nyuki waliingia, wakagandisha kila kitu kwa gundi na masega, na fremu hazikutoka tena. Fedha ya watu ikapotea. Faida yake ni kwamba masega yaweza kukamuliwa kwa mashine na kurudishwa kwa nyuki. Lakini mashine nayo ina gharama, na mtu mwenye mizinga miwili au mitatu hawezi kuibeba gharama hiyo peke yake.

Mzinga wa viunzi vya juu ni rahisi zaidi. Ule wenye kuta za mshazari uliboreshwa nchini Kenya katika miaka ya 1970 kwa msaada wa wataalamu kutoka Canada, na sisi Tanzania tunao wenye kuta zilizosimama wima. Jambo moja tu ndilo la kupima kwa makini: kiunzi kiwe na upana wa milimita 32, kwa maana nyuki wetu wa Afrika ni wadogo kuliko wa Ulaya na hujenga masega yao karibu karibu. Nyuki hujenga sega lao wenyewe bila fremu, na mrinaji hutoa kiunzi kimoja kimoja, akachukua chenye asali iliyofunikwa, akarudisha chenye majana. Sega hili ni laini, lishikwe wima lisije likakatika.

Na mzinga wa gogo tusiudharau. Siku hizi hata Ulaya na Marekani wapo wafugaji wa nyumbani wanaorudi kwenye mizinga ya namna hiyo, ili nyuki waishi kwa desturi yao. Padre Mkatoliki wa Ufaransa, Émile Warré, aliyefariki mwaka 1951, alijaribu mizinga ya namna nyingi, akaishia kutengeneza mmoja mwembamba na mrefu, wenye viunzi vitupu bila fremu, ili mtu maskini aweze kujitengenezea. Sehemu kubwa ya asali ya Tanzania bado inatoka katika magogo na magome. Gogo linaweza kurinwa vizuri kwa kufungua ncha ya nyuma tu, ambako asali huwa nyingi, na kuacha upande wa tundu walipo watoto.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Anzeni na mizinga michache ya viunzi vya juu, kwa fundi anayetumia rula. Magogo mliyorithi kwa wazee myatunze. Mizinga yote itundikwe kwa waya, na waya upakwe oili chafu kuzuia siafu, na iwe mbali na matawi ambayo nyegere anaweza kuyafikia. Tumieni moshi wa baridi badala ya mwenge wa moto. Acheni sehemu ya asali kwa ajili ya nyuki wakati maua yanapokosekana. Na wenye mikorosho wasipulizie dawa ya kuua wadudu mchana mikorosho inapochanua, wakati nyuki wako kazini. Zaidi ya yote, kabla hamjagusa mzinga, kaeni karibu nao mkautazame, kama yule mtoto aliyetoboa suruali.

Neno la mwisho

Nina deni moja la kulipa. Zamani alikuwapo mwalimu mwenzangu, aliyesaidia pia kuongoza ibada. Kwa miezi kadhaa alikuwa hodari kuliko sisi sote, kisha akajifungia ndani, hatoki, hasemi. Wengine tulisema ni mvivu. Wengine tulisema amepagawa, au imani yake ni ndogo. Nasema tulisema, kwa sababu nami nilikuwamo. Sikwenda kumtazama. Alipofariki nilisimama kaburini kwake nikaimba kwa sauti kubwa.

Leo tunajua kwamba ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, na hospitalini upo msaada. Mke wa Langstroth alijua hivyo kwa moyo wake kabla ya madaktari. Hakumkemea, wala hakumwacha peke yake. Alifundisha mahali pake, akanakili maandishi yake, akamngoja. Katika mtaa wetu wapo watu wanaohitaji kungojewa namna hiyo. Mkiona kiti cha mtu kiko wazi Jumapili mbili tatu, nendeni kwake. Msiende na hukumu. Chukueni hata kikombe cha asali.

Akina mama wameshaagiza mizinga minne kwa fundi. Mzinga wa kwanza ulipofika nilikwenda na rula yangu ya shule. Viunzi vyote vilikuwa milimita 32.